Shajara ya Legacy B4: matairi mapya kabla ya masika

Januari, mwanzoni mwa mwezi

Gari ni Subaru Legacy B4 2.0GT, umbo la BL5, turbo, gia otomatiki. Rimu ni za inchi 17 na matairi ni 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17), saizi ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kazi ya kuanzia sasa mpaka masika yaingie ni moja tu: kulivalisha gari hili matairi ninayoweza kuyaamini lami ikiwa imelowa.

Nimeanza kwa kuyapima yaliyopo. Mbele, katikati ya tairi, kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa lami, ina milimita 4. Ukihamisha kipimo hadi ukingo wa ndani unakuta 2 tupu. Nyuma ni hivyo hivyo. Gari likiwa limepaki, mtu akipita anaona matairi mazima kabisa, maana ubaya wote uko upande wa ndani, ambako huoni mpaka ukate usukani hadi mwisho au ulale chini na tochi. Vile vialama vidogo vilivyolala ndani ya mifereji vinakaa kwenye milimita 1.6, na hapo tairi linahesabika limekwisha. Kwa mvua za Dar mimi sisubiri kufika huko. Kwenye 3 naanza kutafuta mengine. Mfereji wa kina kifupi hauna pa kuyapitisha maji, na maji yakikosa njia yanalinyanyua tairi juu ya barabara, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na kuanzia hapo breki hazina cha kushika.

Tairi la nyuma kushoto limetoa nundu ubavuni. Hilo halina mjadala. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika pale ubavu ulipobanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, na sasa upepo unazuiwa na mpira peke yake. Hakuna fundi pancha wa kulitibu. Nimelitoa nikafunga spea, ile nyembamba iliyoandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na gari litatoka nyumbani kwenda kwa fundi tu. Mjini nitakwenda na basi la mwendokasi.

Umri nao unasema. Namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule wa ubavuni wenye tarehe ya kutengenezwa, ni 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira wa umri huo kwenye joto la hapa unakuwa mkavu hata kama kashata ingalipo. Ukikunja ubavu kwa kidole gumba unaona nyufa nyembamba.

Januari, siku chache baadaye

Nimepita kwa fundi wangu Tabata. Aliyatazama, akasema: "Kaka, nunua mawili ya nyuma. Haya ya mbele ukiyageuza kwenye rimu yana miezi yake bado." Kwa gari la magurudumu mawili yanayovuta ningemsikiliza. Kwa Subaru hii, inayovuta kwa yote manne, hapana, na sababu inaweza kuhesabiwa kwa kalamu.

Tairi la 215/45R17 likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 625 hivi, kwa hiyo mzunguko wake mmoja ni kama milimita 1,964. Likichakaa milimita 3, mzunguko unapungua kwa karibu milimita 19. Katika kilomita moja tairi jipya linazunguka kama mara 509, lililochakaa mara 514. Tofauti ya mizunguko 5 kila kilomita. Kutoka Dar hadi Morogoro ni karibu mizunguko 1,000 ya ziada kwa magurudumu yenye matairi yaliyochakaa.

Gari langu la otomatiki lina difu ya kati inayogawa nguvu 45 kwa 55, mbele na nyuma, ikisaidiwa na klachi inayoongozwa na kompyuta. Difu hiyo imewekwa kwa ajili ya kona, pale magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapopishana kwa sekunde chache kisha yakalingana tena. Ukiyafunga matairi ya nyuma yakiwa makubwa kuliko ya mbele, umeipa kona isiyokwisha. Inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, mafuta yake yanachemka, klachi inalika, na siku moja ukikata usukani kwenye maegesho unasikia gari linakataa, linaruka ruka. Subaru wenyewe wanataka mizunguko ya matairi yote manne isipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6.4. Ukiirudisha hiyo kwenye kina cha kashata ni milimita 1.

Kwa hiyo manne, aina moja, yafungwe siku moja. Gharama inaumiza, lakini kutengeneza boksi la gia kunaumiza zaidi.

Januari, Kariakoo

Nimeshinda kutwa nzima upande wa Gerezani na baadaye Barabara ya Nyerere. Sikwenda kuuliza bei kwanza. Nilikwenda kusoma namba za ubavuni.

215/45R17 zipo. Tatizo ni kwamba hazitoki haraka, kwa hiyo zinazeeka dukani. Duka moja lilikuwa nazo nne za jina kubwa, na kwenye rafu zilionekana mpya kweli kweli, vinyweleo vya mpira bado vimesimama. Nilipozigeuza: mbili za 2019, moja ya 2020, moja ya 2021. Muuzaji aliniambia, "Bosi, tairi halijagusa lami, hilo ni jipya." Nilimjibu kwa adabu kwamba mpira unahesabu siku zake tangu kiwandani, na nikaomba anionyeshe yenye tarehe inayofanana. Hakuwa nayo. Na kuna maduka yanayopanga matairi nje, juani, asubuhi hadi jioni, kama tangazo. Tairi lililokaa juani mwaka mzima silitaki hata likiwa na punguzo.

225/45R17 ni habari nyingine. Imejaa kila mahali, kwa sababu ni saizi ya Mercedes C-Class nyingi, BMW za 3 Series, Golf na Audi A3. Inauzwa haraka, kwa hiyo inayoingia ni ya karibuni. Nikaanza kujiuliza kama Legacy linaweza kuivaa.

Hesabu yake: kipenyo kinapanda kutoka milimita 625 hadi 634, ongezeko la asilimia 1.4. Dashibodi ikisoma 100, utakuwa kwenye 101 na kidogo. Hilo si tatizo. Gari linanyanyuka milimita 4.5. Ubavu unakuwa mnene kwa kiasi hicho hicho, kutoka karibu 97 hadi 101, na hicho ndicho kilichonivutia: kwa mashimo ya mji huu kila milimita ya ubavu inaiokoa rimu. Rimu zangu ni upana wa inchi 7, na 225/45 inakubali rimu kuanzia 7. Tairi linapanuka kama milimita 5 kila upande, kwa hiyo cha kuangalia ni nafasi ya ndani, kati ya tairi na shokapu. Niliporudi nyumbani nimepitisha kidole pale: kinapita na nafasi inabaki.

Nilifikiria pia 205/50R17, ambayo ubavu wake ni mnene kidogo zaidi, 102. Lakini ni nyembamba kuliko asili, na hapa mjini ni adimu kuliko hata 215/45. 215/50R17 nimeikataa moja kwa moja. Inapandisha kipenyo kwa zaidi ya asilimia 3, na sitaki kuanza kupigana na mabawa ya gari.

Januari, kuhusu mtumba

Watu wengi wananiambia nichukue matairi mtumba ya Japani. "Ya Mjapani yakichakaa bado yanapita jipya la bei poa." Nimekwenda kuyatazama kwa nia njema kabisa, na nataka kuandika kwa urefu nilichokiona, kwa sababu kuna hatari ambayo wanunuzi wengi hawaijui.

Sehemu kubwa ya yale yenye kashata nzito, yanayopendeza, ni matairi ya theluji. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yana picha ya mlima wenye nyota ya theluji katikati. Majina yake ni Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx. Hayana kosa lolote huko yalikotengenezewa. Mpira wake ni laini sana ili ubaki mlaini kwenye barafu, na kashata zake zimechanjwa chanjo nyembamba nyingi ili ziume theluji. Lete mpira huo kwenye lami ya Dar saa nane mchana: unakuwa mlegevu, kashata zinayumba chini ya gari, unalika haraka, na ukishika breki kwenye maji gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Mengi yana alama ya kasi Q, mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati saizi hii kwa kawaida inabeba V ya 240 au W ya 270. Herufi hiyo haihusu kukimbia tu. Inakuambia tairi linavumilia joto kiasi gani, na joto ndilo linalopasua matairi barabara ya Chalinze.

Yapo pia magari yanayoshuka bandarini yakiwa yamevaa matairi hayo tangu Japani, na mwenye gari anaendesha nayo mpaka yaishe. Kama umeagiza gari karibuni, toka nje sasa hivi ukasome ubavu.

Mtumba wa kiangazi wenye tarehe nzuri upo, lakini kupata manne ya aina moja yaliyochakaa sawa ni bahati, na kwa gari la magurudumu manne yanayovuta siwezi kuijenga kazi juu ya bahati.

Februari, mchujo

Nimebaki na majina matatu, na moja la bei ya chini kwa ajili ya kulinganisha.

La bei ya chini lina namba kubwa ya uvumilivu kwenye ubavu, zaidi ya 400, na muuzaji alilisifia kwa hilo. Namba hiyo inasema tairi litadumu kiasi gani likilinganishwa na tairi la kipimo lenye 100, na kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe. Herufi inayofuata ndiyo niliyotaka kuijua: A. Hiyo ni alama ya kusimama kwenye lami na zege iliyolowa, na juu ya A kuna AA. Tairi gumu linalodumu na kuteleza ni akiba ya uongo kwa mtu anayeendesha Dar mwezi wa nne.

Yokohama Advan Fleva V701 nimelipenda kwa moyo wote. Lipo katika saizi yangu ya asili, lina sura nzuri na linasifika kwa usukani mwepesi kujibu. Lakini mchoro wake ni wa mshale, linazunguka upande mmoja tu. Matairi ya mshale unaweza kuyahamisha mbele na nyuma bila kuvuka upande, isipokuwa uyatoe kwenye rimu. Kwa gari ambalo lazima matairi yachakae sawasawa, nataka uhuru wa kuyavusha.

Michelin Primacy 4 ni tairi la utulivu. Mifereji yake imechongwa ibaki mipana hata tairi likichakaa, na kwa mvua hiyo ni fikra nzuri sana. Kama B4 lingekuwa gari la foleni ya Kimara peke yake, ningeishia hapo.

Michelin Pilot Sport 5 ndilo ninaloelekea. 225/45R17 94Y (94 ni namba ya mzigo, Y ni ya kasi), XL, yaani lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa zaidi. Mchoro wake una upande wa nje na wa ndani bila mshale, kwa hiyo linavuka. Kibandiko chake cha Ulaya kina herufi A kwenye kusimama katika maji. Lina mdomo wa mpira unaokinga rimu dhidi ya kingo za barabara. Litakwisha mapema kuliko Primacy, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya lile la chini. Nimeyaweka yote mezani nikaona kwamba gari la uzito huu na nguvu hizi lilitengenezwa kwa tairi la namna hiyo, na kubana hapo ni kulinyima gari kitu kinachonirudisha nyumbani.

Mtu mmoja aliniuliza kama 94 na XL zinanilazimu kuongeza upepo. 87, namba ya tairi la asili, ni kilo 545 kwa tairi. 94 ni kilo 670. Ni kweli tairi la XL linafikia uwezo wake kamili kwa upepo mwingi zaidi, lakini pengo hapa ni kubwa kiasi kwamba hata kwa upepo ule ule wa kibandiko cha mlangoni linabeba zaidi ya la zamani. Naanza na kibandiko.

Duka la Barabara ya Nyerere limeniahidi manne yaliyotengenezwa wiki ile ile moja, mwaka 2024. Nimelipa nusu kwa sharti kwamba nisome DOT kabla ya kumaliza.

Februari, kwanza bushi

Sikutaka matairi mapya yaliwe kama yale. Gari limekwenda juu kwa fundi. Bushi za mikono ya nyuma, yaani mipira ya maungio inayoyashika magurudumu yasihame, zimekufa. Ukiingiza mtaimbo na kusukuma kidogo gurudumu linahama. Ndiyo maana ndani kulikuwa kunalika: gari likitembea magurudumu ya nyuma yalikuwa yanageukia nje kwa mbele, na kila kilomita yalikuwa yanasugua badala ya kubingirika. Matuta na rasta za barabara zetu zinazimaliza bushi polepole bila mtu kusikia mlio wowote. Zimebadilishwa zote za nyuma, na bolti za kurekebishia zilizoganda kwa kutu zimekatwa na kuwekwa mpya. Bila bolti hizo kuzunguka, mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu, ingenionyesha tatizo na isiweze kulitatua.

Februari, kufunga

DOT nimesoma yote manne, wiki moja kweli. Nimemalizia malipo.

Kabla tairi halijakaa kwenye rimu nimeomba rimu isuguliwe pale mdomo wa tairi unapokaa. Kwa gari lililoishi karibu na bahari, pale panaota ukungu mweupe wa kutu ya alumini, na tairi jipya juu ya ukungu huo linapoteza upepo taratibu kila wiki huku wewe ukitafuta msumari usiokuwepo. Valvu nazo mpya. Kijana aliyefunga ana mkono safi: alikagua neno OUTSIDE kwa kila tairi kabla ya kujaza, bila kukumbushwa.

Waliniuliza kama nataka naitrojeni. Hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni, nikaona fedha hiyo iende kwenye kipimo kizuri cha upepo cha kukaa nacho. Kibandiko kimeandikwa kwa kPa. Anayesumbuka na hesabu akumbuke kwamba 230 kPa ni psi 33 hivi. Nimepima tena asubuhi iliyofuata gari likiwa halijatembea, kwa sababu ongezeko la joto la nyuzi 5 au 6 linapandisha karibu psi 1, na mashine ya kituo cha mafuta baada ya safari ya jua itakudanganya kwa psi kadhaa.

Alaimenti imekwenda vizuri. Magurudumu ya nyuma sasa yananyooka, usukani uko katikati, na ukiuachia mkono kwenye barabara tambarare gari linashika njia. Nimekata usukani mpaka mwisho pande zote na watu wanne ndani: hakuna kinachogusana.

Machi

Kilomita mia chache za mwanzo nimekwenda taratibu, mpaka utando wa kiwandani ulipotoka juu ya mpira. Gari ni gumu kidogo zaidi kwenye rasta kuliko nilivyozoea. Kelele ni ndogo. Usukani umekuwa na uzito mzuri katikati, na barabara za juu za Kijazi pale Ubungo unazipita gari likiwa limetulia.

Aprili, mvua

Mvua kubwa imepiga usiku kucha. Jangwani sikuelekea, maji yakipita pale hakuna tairi la kusaidia. Nimekwenda Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge hadi Tegeta, ambako malori yamechimba mikondo miwili kwenye lami na maji yanalala humo. Na matairi ya zamani gari lilikuwa linavutwa na mikondo ile. Unauhisi usukani unapoteza uzito kisha unarudi. Leo limepita likiwa na uzito ule ule mkononi. Mahali peupe, nyuma yangu hakuna gari, nimeshika breki kwa nguvu kutoka kama 60: limesimama moja kwa moja, ABS ikaguna kidogo mwishoni. Mwendo wangu kwenye maji haujaongezeka na hautaongezeka. Kilichobadilika ni nafasi niliyo nayo pale bodaboda anapokatiza ghafla.

Mpango wa mbele. Nimepima kina cha kila tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje, na kuandika kwenye daftari la gari pamoja na kilomita. Kila kilomita 8,000 nitayahamisha kwa kuvuka, na kila mara nitapima upya. Ukingo wa ndani ukianza kutangulia, narudi kwenye bushi na alaimenti kabla ya jambo lingine. Na shimo likiniharibia moja katikati ya safari yao, sitanunua jipya la peke yake. Nitakwenda Kariakoo na kipimo mfukoni kutafuta mtumba la Pilot Sport 5 hilo hilo, saizi hiyo hiyo, lisilopishana na wenzake zaidi ya milimita 1. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoliachia soko la mtumba. Likikosekana, manne mengine.